Kabla Hujatafuta Kitabu cha Kumi, Fungua Daftari Lako

Wapambanaji wenzangu, kila wiki kuna mtu ananiandikia: "Dada, nipe orodha ya vitabu na podikasti za kujiendeleza." Leo natoa, ila naanza na aibu yangu.

Mwaka jana nilikuwa nasikiliza mafunzo ya uongozi kutwa nzima, spika iko juu ya kabati, mimi nafunga mizigo. Siku moja mteja wa Tunduru akapiga simu: aliagiza gauni saizi 14, kaletewa 10. Nikamgeukia binti aliyekuwa ananisaidia, nikamfokea mbele ya wateja watatu, na wa Tunduru bado yupo hewani anasikia. Binti hakujibu kitu. Jioni nikafungua daftari la oda. Ile 10 niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Sikumwambia. Niliona nitajishushia heshima.

Wiki mbili baadaye akachanganya mizigo miwili, wa Mbinga ukaenda Namtumbo na wa Namtumbo ukaenda Mbinga. Safari hii aligundua mapema, lakini akanyamaza, maana alishaona kosa ambalo hata sio lake lilivyomfanya. Mimi nikaja kujua wateja wote wawili wameshaanza kudai hela zao. Mwisho wa mwezi akaniaga. Nikawa nimepoteza hela, wateja na mtu mwaminifu, na spika bado inafundisha uongozi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kitabu au podikasti ipime kwa kitu kilichobadilika kwenye biashara yako ndani ya wiki moja. Kama hakuna kilichobadilika, hiyo ilikuwa burudani. Burudani sio dhambi, ila usiihesabu kama mtaji.

Vifuatavyo vilinibadilishia kitu:

1. Tujisahihishe, cha Mwalimu Nyerere (1962). Ni kijitabu kidogo alichowaandikia wana-TANU. Hoja yake mimi naichukua hivi: kosa lisemwe wazi na lirekebishwe, liwe la mkubwa au la mdogo. Sasa hivi daftari langu lina safu ya makosa ya wiki, na yangu yanaandikwa kwanza. Msaidizi akiona bosi kajiandika, na yeye hafichi.

2. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu ya tamthilia ya Shakespeare (1969). Usiseme hiki ni cha shule. Antonio ni mfanyabiashara, mali yake yote ipo kwenye meli baharini, anachukua mkopo ili amsaidie rafiki yake, na rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Tarehe inafika, meli hazijafika. Wewe uliyechukua kausha damu huku mzigo bado upo njiani kutoka Kariakoo, unaijua hiyo hofu. Baada ya kukisoma nilijiwekea sheria: sikopi kwa kutegemea mzigo ambao haujafika Songea.

3. Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akawa anauza vyungu kwa kutembea, na sauti yake ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Shule hakwenda. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Sisi tunalalamika hatuna kamera nzuri, wakati hata kumjibu mteja kwa sauti yenye adabu hatujajifunza. Nilipokisoma nikaanza kutuma ujumbe wa sauti kwa kila mteja mpya badala ya kumkopia bei tu.

4. I Can, I Must, I Will, cha Reginald Mengi (2018). Ni cha Kiingereza, kisikutishe, soma kurasa mbili mbili. Mtu alikuwa mhasibu mwenye kazi nzuri, akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Ukiona aibu kuuzia sebuleni, anza na hicho.

5. Kwenye podikasti, sikiliza Salama Na ya Salama Jabir. Anahoji watu maarufu wa hapa kwetu, kwa Kiswahili chetu. Usisubiri wafike kwenye magari na majumba. Tega sikio pale mgeni anapoeleza alivyokwama. Andika jambo moja, zima, fanya kazi.

Kuna watakaosema vitabu vya nje ndivyo vina mbinu za kisasa. Sawa, visomeni. Ila vingi vinaongelea mameneja wenye idara na ofisi. Wewe una binti mmoja, bodaboda mmoja na simu. Uongozi wako ni namna unavyoongea nao siku mzigo umepotea.

Na kama bando linasumbua, uliza maktaba, au changeni watu watano mnunue kitabu kimoja mzungushiane.

Yule binti nilimpigia mwezi wa tatu, nikamwambia ile saizi 10 niliandika mimi. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Nilijua dada. Mwandiko wako naufahamu." Hajarudi, ana kibanda chake sasa hivi, Bombambili. Nikipata mteja wa vitu anavyouza, namwelekeza kwake.

Leo jioni kabla hujafunga, fungua daftari lako utafute kosa moja ulilomtupia mtu mwingine. Ukilipata, mpigie.