Ahadi Haichezewi Mpira



Ndugu waamini, babu zetu wapagazi wa Unyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora kupitia Ugogo hadi Bagamoyo, walipatana ujira kabla ya kujitwika mzigo. Sisi wajukuu wao tumekuwa wepesi wa kupiga makofi na wazito wa kuuliza.

Katika njia hiyo hiyo, huko Dodoma, tuliahidiwa uwanja mkubwa wa mpira. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco alizuru nchi yetu. Rais John Magufuli alimwomba uwanja huo, na habari ikatangazwa kwa shangwe. Msikiti ulioombwa wakati ule ule ulijengwa Kinondoni, nasi twawapongeza ndugu zetu Waislamu. Uwanja wa zawadi haukusimama. Mzigo ukarudi kwa Serikali, yaani kwa mlipa kodi.

Watatuambia kwamba zawadi haidaiwi. Ni kweli, mfalme hatumdai. Twawadai waliotutangazia. Anayeleta ahadi hadharani hana budi kurudi hadharani kueleza ilipokwama. Katika Injili ya Luka, mwenye kujenga mnara huhesabu gharama kwanza, asije akachekwa. Kwetu sisi kiongozi hachekwi. Mwananchi ndiye anayefanywa mjinga.

Wala tusidhani kwamba kujengwa kwatosha. Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya na Ali Hassan Mwinyi wa hapa Tabora ni viwanja vya enzi za chama kimoja, wakati nguvu na michango ya wananchi ilihesabiwa kuwa mali ya taifa zima. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja hivyo vikabaki mali ya CCM. Basi tulichoahidiwa hatukukiona, na tulichokitolea jasho si chetu. Maradhi ni yale yale: neno la mkubwa limechukua nafasi ya maandishi na hesabu.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo, ikija kesho ahadi ya uwanja, zahanati au kisima, ulizeni katika mkutano wa kijiji au mtaa: ardhi ina hati ya nani? Fedha zimo katika bajeti ipi? Mkataba uko wapi? Kabla ya majibu hayo, asichangishwe mtu hata shilingi moja. Kuuliza si uasi. Ni wajibu wa Mkristo kwa manufaa ya wote.