UFUNGUO USIACHWE MLANGONI

Segera ni njia panda ijulikanayo na kila msafiri: hapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikienda Tanga na nyingine ikienda Korogwe, Moshi na Arusha. Penye wasafiri wengi pana madaftari mengi, na siku hizi madaftari hayo huingizwa ndani ya kompyuta. Nyumba ya wageni huandika majina ya waliolala, zahanati huandika maradhi ya watu. Twaisifu desturi ya kuiamuru mashine inakili daftari zima kila usiku, maana umeme haubishi hodi kabla ya kukatika. Lakini twauliza: mashine hiyo hupataje ruhusa ya kulifungua daftari usiku wa manane, mwenyewe akiwa amelala?

Jibu latia hofu. Mara nyingi fundi huliandika neno la siri waziwazi ndani ya yale maagizo ya kunakili, tena ni neno la msimamizi mkuu, lenye uwezo hata wa kufuta kila kitu. Yeyote awezaye kuyafungua maagizo hayo hulisoma.

Hatusemi hadithi. Mwaka 2016 wezi walipata ufunguo ulioachwa wazi ndani ya maandishi ya mafundi wa kampuni ya Uber, wakazifikia nakala za akiba zenye habari za watu milioni 57. Kampuni ikanyamaza mpaka Novemba 2017, na kimya hicho twakilaumu kuliko wizi wenyewe.

Dawa si ghali. Neno la siri liwekwe katika faili la peke yake, lisomwe na mtumiaji mmoja tu wa mashine. Programu ya PostgreSQL, katika mashine za Linux, hulikataa faili la namna hiyo likiwa wazi kwa wengine. Twaupenda ukali huo. Kazi ya kunakili ipewe jina lake lenye ruhusa ya kusoma pekee. Nakala nazo zifungwe kwa njia ya funguo mbili: wa kufungia ubaki katika mashine, wa kufungulia ukae mbali nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, yamtaka akusanyaye habari za watu azilinde. Basi wenye biashara na wakuu wa zahanati wamwulize fundi wao wiki hii: neno la siri limeandikwa wapi? Akijibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, wamwulize tena.