Faida ya Kuwaandika Wagonjwa wa Saratani

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Naona na wagonjwa ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa saratani afiaye nyumbani hapa Nakwa bila kufika hospitali, sisi twamlilia na kumzika, lakini katika hesabu ya nchi ni kama hakuugua.

Saratani kadhaa huletwa na virusi. Virusi vya HPV huleta ile ya shingo ya kizazi, na virusi vya homa ya ini aina ya B huleta ile ya ini. Kuandika ndiko kulikofungua njia ya elimu hii. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto. Aliziandikia barua hospitali nyingi za Afrika, akatia alama katika ramani kila mahali ulipoonekana. Kwa kuwa uvimbe ulifuata mahali, wengi walishuku ambukizo. Na mwaka 1964 wataalamu wa London waliona virusi katika seli zilizokuzwa kutoka vipande vya uvimbe vilivyotoka Kampala.

Kwetu Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya shingo ya kizazi. Lakini hayo ni makadirio tu, maana madaftari ya saratani yako sehemu chache, kama Moshi na Mwanza.

Wengine watasema, "Fedha zinunue dawa kwanza." Sikubaliani nao. Tangu mwaka 2018 wasichana wetu huchanjwa dhidi ya HPV nchi nzima, na saratani hiyo huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kutokea. Tusipowaandika wagonjwa wa leo, mwaka 2040 tutalinganisha na nini? Wavumishao kwamba chanjo hufunga uzazi watazidi kusema, nasi hatutakuwa na hesabu ya kuonyesha faida yake.

Basi wazazi wetu, msiwafiche wagonjwa. Wapelekeni hospitali mapema, mtaje jina, umri na kijiji kwa kweli, ili mtu asihesabiwe mara mbili wala asiachwe. Serikali nayo izidishe madaftari hayo mpaka kila mkoa uwe na lake, na Manyara yetu isisahauliwe. Nasi wanafunzi tusidharau kazi ya karani, kwani kalamu yake nayo ni dawa.