Huduma Haina Mtoaji Mmoja

Karibu kila makala ya toleo hili inatumia kitenzi kilichotujia kutoka Kiingereza: kuzalisha huduma kwa pamoja. Kwa vile siku hizi kinabandikwa kwenye kila andiko la mradi, afadhali tukumbushane kilikotoka.

Kilitoka kwenye utafiti juu ya kazi ya polisi. Miaka ya 1970, wataalamu wengi wa Marekani waliamini kwamba idara ndogo za polisi zingeunganishwa ziwe kubwa, ufanisi ungefuata wenyewe. Elinor Ostrom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana wakaenda kupima. Kuzunguka Indianapolis walilinganisha vitongoji vyenye polisi wao na mitaa ya jirani iliyohudumiwa na idara ya jiji. Idara zile ndogo hazikuzidiwa. Mara nyingi zilifanya vizuri zaidi. Katika tafiti hizo waliona kwamba usalama hauletwi na askari peke yake: yupo anayepiga simu mapema, yupo anayekubali kutoa ushahidi.

Ostrom, aliyekuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, hakuwa akihimiza uungwana. Alikuwa akieleza jinsi huduma inavyopatikana. Daktari hawezi kumeza dawa kwa niaba ya mgonjwa, basi.

Mfano wake ninaoupenda ni wa majitaka ya Brazil, aliouandika mwaka 1996. Kwa kawaida bomba nene huzikwa chini sana katikati ya barabara, na kila nyumba huvuta laini yake. Mhandisi José Carlos de Melo alitumia mabomba membamba, yasiyozikwa chini sana, yanayopita uani au mbele ya nyumba, kisha nyumba zote zilizopakana zikaunganishwa na bomba kuu mahali pamoja. Gharama ilishuka sana. Lakini bomba likipita uani kwako, lazima uridhie. Likiziba, uchafu unaweza kufurikia kwako, si kwa meya. Ndiyo maana wakazi walikaa vikao, wakabishana bomba lipite wapi na nani atalizibua. Serikali haikujitoa: mtandao mkuu na utaalamu vilibaki mikononi mwake.

Kando ya mfano huo aliweka shule za msingi za Nigeria. Huko wanavijiji walikuwa tayari kujitolea, ila madaraka juu ya shule yalikuwa yakihamishwa kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine, na ari yao ikavunjwa.

Sisi tumezoea neno “shirikishi”: watu wanaitwa ukumbini, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapokea posho, wanapigiwa picha. Baadaye wanaambiwa mradi ni wao, hasa pampu inapoharibika. Wengine huona hiyo ni hatua, tena bora kuliko kutoitwa kabisa. Mimi sikubali. Wananchi wakichimba mtaro ambao njia yake ilishapangwa ofisini, hicho ni kibarua bila ujira, na kukipa jina la heshima ni kuwaongezea dhuluma.

Kwa hiyo waandishi wa toleo hili tuliwaomba watuonyeshe nani alichagua bomba lipite wapi, kabla ya kutusimulia nani alishika sururu. Wawili hawakuweza. Makala zao tumeziacha humu, na msomaji hatapata taabu kuzitambua.