Kuikumbuka Haiti kwa Haki



Mmisionari hawasahau watu aliowatumikia. Lakini kumbukumbu peke yake haitoshi. Yatupasa kuuliza imezaa matunda gani.

Tuitazame Haiti, katika bahari ya Karibi. Mwaka 1969 Rais François Duvalier aliwafukuza mapadre kadhaa wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lenye asili ya Ufaransa lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Baadhi yao, akiwemo Padre Antoine Adrien, Mhaiti, waliwahudumia huko New York wananchi waliokimbia udhalimu huo huo. Utawala wa akina Duvalier ulipoanguka mwaka 1986, Padre Adrien alirudi. Kifungo cha upendo hakikuwa kimekatika.

Basi, urafiki wa kweli hauishii kwenye picha za zamani na mizigo ya mitumba. Mwaka 1825 Ufaransa iliitoza Haiti faranga milioni 150, fidia kwa waliokuwa mabwana wa watumwa. Mwaka 1838 zikapunguzwa kuwa milioni 90. Aliyefungwa minyororo ndiye aliyemlipa aliyemfunga! Mmisionari Mfaransa aipendaye Haiti hana budi kuusema ukweli huo katika parokia ya kwao, ambako sauti ya Mhaiti haifiki.

Nasi tunapotembelewa na wamisionari wetu wa zamani, tusiwaombe mabati na baiskeli tu. Tuwaeleze yanayotuonea, wakayaseme kwao. Msaada hutuliza njaa. Haki hung'oa mzizi wake.