Acheni kumwita fundi wa stima nyumba ikishaisha

Leo hakuna stori za mapenzi. Leo naongea na wenye ploti, na wasee wote wanaowalipa kila tarehe tano.

Simama pale Rodi Kopany, mahali barabara ya Ndhiwa inaachana na ile ya Homa Bay na Rongo. Mji unakua, nyumba za kupangisha zinapanda, mawe na mchanga kila kona. Poa sana. Lakini tega sikio. Unaweza kupata keja imeshapigwa plasta, rangi iko mlangoni inangoja, na ndani bado unasikia ko! ko! ko! Huyo ni fundi wa stima na tindo yake. Ameitwa leo. Ukuta uliisha mwezi uliopita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta halafu tunaupasua ufa wenyewe, kwa nyundo, na tunalipa mtu afanye hivyo.

Msimamo wangu ni huu: stima na maji sio urembo wa mwisho kama pazia. Ni sehemu ya nyumba, sawa na msingi. Fundi wa stima na plamba wanafaa kukaa na fundi wa mawe kabla jiwe la kwanza halijalala. Mwenye ploti anayewaita mwisho hajaokoa pesa. Ile hatari ameihamishia kwako wewe mpangaji.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie.

Paipu ya choo ya inchi 4 inafaa kuteremka kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Paipu moja ya dukani ina mita 6. Kwa hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho inashuka sentimita 15. Sasa, slabu ya gorofa ya kawaida ina unene gani? Kama sentimita 15. Umeona shida? Hiyo paipu huwezi kuificha baadaye. Aidha njia yake ilipangwa kabla simiti haijamwagwa, au kuna mtu atatoboa. Na akitoboa akikutana na bimu, atakata chuma akisema "ni katundu tu." Bimu haijui katundu. Bimu inajua chuma kimepungua. Asipotoboa, atailaza paipu bila mteremko, na jirani wa chini atajua ulikula nini jana.

Twende kwa stima. Shawa ya stima ya wati 5,500 kwenye volti 240 inavuta karibu ampia 23. Waya wa taa, ule wa milimita 1.5, haukutengenezewa huo mzigo. Shawa inataka waya wake mnene, kutoka kwenye boksi moja kwa moja, na breka yake. Huo waya mnene unahitaji njia ndani ya ukuta. Kama njia haikuachwa, fundi aliyeitwa mwisho atafanya nini? Ataunga kwenye waya wa taa juu ya dari. Sasa waya unapata joto mahali huoni, usiku umelala.

Na ethi, ule waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini? Ukiuliza unaambiwa "hiyo tutaweka baadaye." Ndio maana kuna watu wanaoga na slipas za raba na wanafungua mfereji kwa kijiti, halafu tunacheka. Omera, kuoga hakufai kuhitaji ujasiri.

Hata ule upasuaji wa ukuta una kipimo chake. Uingereza mwongozo wao unasema mfereji unaolala kwenye ukuta usizidi sehemu 1 ya 6 ya unene, na ule unaosimama usizidi 1 ya 3. Ukuta wa inchi 6 unakuruhusu inchi 1 tu ya kulala. Nionyeshe fundi mwenye tindo, analipwa kwa pointi, mwenye nyumba anamharakisha nyuma, ambaye ametoa futi apime.

Najua jibu: "Sisi tunajenga pole pole, pesa haiko." Sawa, hiyo ni ukweli wa watu wengi hapa, na siwacheki. Lakini kulaza konduti tupu sio kununua waya. Ni paipu nyembamba ya plastiki. Weka njia leo, vuta waya mwaka ujao ukipata doo. Acha tundu la paipu ya choo kwenye slabu kabla ya kumwaga. Mtu mwenye pesa kidogo ndiye anafaa kupanga zaidi, maana hana pesa ya kujenga kitu kimoja mara mbili.

Jibu la pili nalijua pia: "Wewe uliacha chuo, unatufunza nini?" Usiniamini mimi. Sheria iko. Fundi wa stima anafaa kuwa na leseni ya EPRA. Ramani inafaa kupita kaunti. Kanuni za ujenzi za 1968 zimebadilishwa na mpya za 2024, zilizoanza kazi Machi 2025. Shida yetu sio karatasi. Shida ni ramani kupigwa muhuri halafu kulala kwenye droo.

Na msiniambie kupanga ni mambo ya wazungu. Thimlich Ohinga, hapo Migori, ni kuta za mawe bila simiti na zimesimama miaka mamia. Milango ni mifupi makusudi, adui aingie ameinama. Waliojua kazi ya mlango waliijua kabla ya kupanga mawe. Hawakujenga halafu wakatafuta tindo.

Kwa mafundi vijana, wale mmetoka TVET na toolbox mpya: ukiitwa mwisho, ukaambiwa "unga tu," kataa. Nyumba ikiungua hakuna atakayemtafuta aliyekuharakisha. Watakutafuta wewe.

Na wewe unayehama, kabla ya dipositi usiangalie tiles na rangi. Fungua boksi ya stima, uliza shawa ina breka yake na ethi iko wapi. Washa shawa na taa pamoja. Flashi choo, kisha nenda chini utazame paipu imepitia wapi. Mwenye ploti akikasirika kwa sababu umeuliza, amekujibu.

Mtumie hii mwenye ploti wako. Kama ameanza msingi, bado hajachelewa.