Wacheshi wamepata jukwaa lao, wakaligeuza baraza la porojo

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Wimbi la podikasti za vichekesho ambalo limeikumba nchi katika miaka ya hivi karibuni linaithibitisha methali hiyo.

Kila uchao, mchekeshaji fulani hutangaza kwa mbwembwe kuwa amezindua kipindi chake mwenyewe. Mabango husambazwa mitandaoni, mashabiki huhimizwa kujisajili na wageni mashuhuri hualikwa. Msikilizaji anapotega sikio, huwakuta watu watatu waliojibwaga kwenye makochi wakipiga soga kwa saa nzima na ushei. Wao wenyewe huangua vicheko kabla yeye hajafahamu kilichochekesha ni nini.

Tatizo si ukosefu wa vipaji. Wengi wa wachekeshaji hao wamewahi kuwavunja Wakenya mbavu jukwaani na kwenye runinga. Hiyo ndiyo sababu masikitiko ni makubwa, kwani aliyezoea kula kwa mwenye nacho hawezi kuridhika na makombo.

Ili kuelewa ukubwa wa hasara hii, ni vyema tukumbuke ahadi iliyokuja na podikasti. Kwa miongo mingi, mcheshi wa Kenya alikuwa mateka wa kituo cha utangazaji. Marehemu Benson Wanjau, aliyefahamika na wengi kama Mzee Ojwang', aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi cha shirika la KBC. Hata hivyo, umaarufu huo haukumpa utajiri. Kabla ya kifo chake mnamo Julai 2015, ilibidi wananchi wachange fedha ili atibiwe macho.

Podikasti ilikuja kuukata mnyororo huo. Mcheshi hahitaji tena kumbembeleza mkurugenzi wa vipindi. Anachohitaji ni kinasa sauti, chumba kitulivu na intaneti. Kazi ni yake, jina ni lake na mapato ni yake. Aidha, hakuna mhariri wa kumfuta mstari unaoweza kumkera mkubwa serikalini. Huu ni uhuru ambao waliomtangulia waliuota tu.

Je, uhuru huo umetumiwa vipi? Jibu linasikitisha. Vipindi vingi havina hati iliyoandikwa, havina mwanzo wala kilele, na aghalabu havihaririwi. Mada ni zile zile: nani amemwacha nani, msanii yupi ana gari gani, na wanawake wa kabila fulani wanapenda nini. Lafudhi ya mtu wa jamii nyingine huigwa kwa dakika kumi, na huo ndio unaohesabiwa kuwa ucheshi.

Hapo ndipo mfano wa Mzee Ojwang' unapotufaa tena. Yeye alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kiluo, na Wajaluo wenyewe walimpenda. Lafudhi ilikuwa vazi tu. Ndani ya vazi hilo alikuwamo binadamu kamili, mwenye kiburi chake, hila zake na huruma yake. Wanaoiga lafudhi leo wamelichukua vazi na kumwacha mtu.

Kadhalika, wengi wamesahau kuwa sauti ina kanuni zake. Mchekeshaji wa jukwaani husaidiwa na uso, mwendo, mavazi na kicheko cha ukumbi mzima. Vyote hivyo vikiondolewa, hubaki neno na namna ya kulitamka. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alilielewa jambo hilo barabara. Kipindi chake cha redio, Je, Huu Ni Ungwana?, kilichoanza mwaka wa 1966, kilikuwa kifupi. Alisimulia kituko kimoja cha mtu asiyejua adabu, akakipamba kwa maneno machache yaliyopimwa, kisha akamwachia msikilizaji swali. Hakikuwa kipindi cha vichekesho, lakini kiliwachekesha wengi kuliko vingi vinavyojiita hivyo leo.

Wapo watakaosema kuwa soga ndiyo asili ya podikasti, na kwamba duniani kote watu hupendezwa na mazungumzo yasiyoandikwa. Hoja hiyo ina uzito wake. Mfano mashuhuri ni The Ricky Gervais Show ya Uingereza, iliyoanza kutolewa kama podikasti Desemba 2005. Watu watatu waliketi wakazungumza tu, na katika mwezi wa kwanza kila kipindi kilipakuliwa kwa wastani wa mara 261,670, idadi iliyokitia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Lakini tutazame kilichokuwa nyuma ya soga hiyo. Gervais na Stephen Merchant walikuwa tayari wameandika tamthilia ya runinga iliyowapa sifa, The Office. Wao na mwenzao, Karl Pilkington, walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka katika redio ya XFM jijini London. Kila mmoja alijua nafasi yake, na kila kipindi kilichukua takriban nusu saa. Kilichosikika kama porojo ya bure kilikuwa tunda la mazoezi ya muda mrefu. Waigaji wameona matunda, mizizi hawakuiona.

Isitoshe, fedha nazo zina mchango wake katika udhaifu huu. Podikasti nyingi za hapa nchini hurekodiwa kwa video na kuwekwa YouTube. Ili mwenye chaneli aanze kupata mgao wa matangazo kwa njia ya video ndefu, anatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12. Kanuni hiyo haiulizi iwapo mtazamaji alicheka. Huhesabu muda. Basi mcheshi ambaye angetoa dakika 20 zilizoiva hushawishika kutoa dakika 90 mbichi. Baadaye hukata vipande vya sekunde chache vyenye matusi au uchochezi na kuvirusha mitandaoni ili viwavute watu.

Mwandishi wa vichekesho naye hana nafasi katika hesabu hiyo. Mpangilio huu unawalipa mwenye sura na mwenye kamera, ilhali anayekaa usiku kucha akinoa sentensi moja halipwi. Matokeo yake ni kwamba chipukizi wenye kalamu nzuri hutafuta riziki kwingine.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hili limsumbue, hali bei ya unga na karo ya shule zinamkaba koo. Sababu ni kwamba ucheshi katika nchi hii haujawahi kuwa mchezo tu. Kundi la Redykyulass, la Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa angali madarakani, wakati ambapo wengi walinong'ona tu. Mwaka wa 2009, vikaragosi vya The XYZ Show, kipindi kilichobuniwa na mchoraji vibonzo Godfrey Mwampembwa, almaarufu Gado, viliwaweka viongozi mbele ya kioo. Kazi hizo zilimfunza mwananchi kuwa mkubwa anaweza kuchekwa, na anayeweza kuchekwa anaweza pia kuulizwa maswali.

Haja hiyo haijapungua. Wananchi walipompa Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, jina hilo lilienea nchini na likaimbwa barabarani katika maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha. Neno moja lilibeba hoja nzima ya ushuru. Mnamo Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika Nakuru na mchezo wa kuigiza, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Polisi walirusha vitoa machozi na wasichana wakaondoka bila kuigiza.

Mchezo wa wanafunzi uliwakosesha wakubwa usingizi. Podikasti nyingi za watu wazima wenye majina, studio na wadhamini hazimnyimi usingizi mtu yeyote. Ulinganisho huo unapaswa kuwakereketa wacheshi wetu.

Si haki kumtaka kila mcheshi awe mwanaharakati. Kuna ucheshi wa mapenzi, wa jikoni, wa matatu na wa matanga, na wote una thamani yake. Kinachotakiwa ni kazi. Kipindi kiandikwe, au walau kipangwe. Kijaribiwe mbele ya watu wasio marafiki wa mwenye kipindi. Mhariri apewe mkasi na ruhusa ya kuutumia. Mdhamini naye, badala ya kuuliza kipindi kimetazamwa na wangapi, aulize wangapi walikisikiliza hadi mwisho, na atenge sehemu ya fedha zake kwa mwandishi.

Msikilizaji pia ana wajibu. Data anayoichoma ni fedha, na saa moja ya maisha yake haitarudi. Akiendelea kuvumilia porojo kwa sababu tu anampenda mpiga porojo, asishangae akiongezewa porojo. Debe tupu haliachi kuvuma, hasa linapolipwa kwa kuvuma.